Je, wajua? Mwenye ubunifu wa chipu huenda hana hata kiwanda

Juzi nilikuwa kwa fundi simu sokoni hapa Mtwara, simu yangu imefunguliwa mezani. Akanipa lenzi nitazame: kijiwe cheusi, yaani chipu, hakifiki ukucha wa kidole gumba, juu kimeandikwa MediaTek. "Hawa ndio waliotengeneza?" nikauliza. "Ndio wenyewe, kaka."

Wengi tungejibu hivyo. Lakini MediaTek, kampuni ya Taiwan, huchora chipu tu. Kuzichapa huwaachia wenye viwanda kama TSMC. Na ubongo uliomo ndani ya chipu zake kwa kawaida hutokana na michoro ya Arm, kampuni ya Cambridge, Uingereza, ambayo nayo haina kiwanda.

Kwa nini wabunifu wasijenge viwanda vyao? Kiwanda kimoja cha chipu za kisasa kinakula zaidi ya dola bilioni 10. Mwaka 1987 Morris Chang alianzisha TSMC kwa wazo lililofungua mlango: kutengeneza michoro ya wengine bila kuuza chipu zenye jina lake. Tangu hapo mwenye akili nzuri hakulazimika kuwa na mtaji wa kiwanda.

Arm, iliyoanzishwa 1990, ndiyo inayonifurahisha zaidi. Inauza leseni ya kutumia mchoro wake, kisha inalipwa mrabaha kwa kila chipu inayouzwa. Sisi wa kusini tunajua biashara ya korosho: gunia likishaondoka ghalani, limekwenda. Mchoro unauzwa leo, kesho unauzwa kwa mwingine, na bado ni wako. Kufikia 2023, chipu zilizobeba michoro ya Arm zilikuwa zimepita bilioni 250.

Kimojawapo kinachoulinda mchoro ni hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia ubunifu wako, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi. Hapa ndipo vijana wetu wanapoumia. Hataza inadai jambo jipya, na ukishalitangaza hadharani kabla ya kuomba, unaweza kuupoteza upya huo. Kwetu maombi yanapelekwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Hataza ya Tanzania haivuki mpaka, lakini Tanzania imo katika Mkataba wa Paris wa kulinda ubunifu, hivyo una miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama ukihesabiwa tarehe ileile ya kwanza.

Hata hivyo, mnunuzi hanunui hati. Anataka kuona kitu kinafanya kazi. Kwanza mchoro hujaribiwa kwenye chipu maalumu zinazoweza kupangwa upya, kosa likionekana unarekebisha bila kuchapa chochote. Baadaye unachapa chache kwa kuchangia gharama: michoro ya watu kadhaa inawekwa kwenye kisahani kimoja cha silikoni, kila mmoja analipia kipande chake. Huko Marekani, huduma ya MOSIS ilianza kufanya hivyo mwaka 1981. Kisahani kikubwa kina upana wa sentimita 30, kama sahani ya ubwabwa, na kinabeba mamia ya chipu.

Nilimweleza fundi yote haya akiwa anarudisha skrubu. Akachukua tena lenzi, akakitazama kile kijiwe kwa muda mrefu. "Kumbe," akasema, "hapa ndani kuna watu wa kampuni tatu."