Kijana wa Kigoma, Usikae Ukiisubiri Reli

Nimelisikia tena wiki hii, safari hii kwa mzazi wa Nguruka: “Mwalimu, huyu kijana mwache tu. Fizikia imemshinda, lakini reli ya kisasa ikishafika hakosi kazi.”

Atakosa, mzee wangu. Au ataipata kwa miezi kadhaa, kisha kambi ya mkandarasi itahama na yeye atabaki palepale.

Watu wanachanganya kujenga reli na kuwa na reli. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506 ukijumlisha njia za kupishania treni. Kazi ya tuta, makalvati na madaraja inameza watu wengi: vibarua wa zege, wasuka nondo, madereva wa tipa na vijiko, mama lishe wa kambini. Sizidharau kazi hizo, zinasomesha watoto. Ila zina mwisho, na mwisho wake unajulikana tangu siku ya kwanza. Kinachobaki ni reli yenyewe, nayo inadai kuhudumiwa kila siku. Ile ya Mjerumani ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mpaka leo kuna watu wanaamka asubuhi kwenda kuitazama.

Hapa ndipo ninapokerwa hasa. Ukisema “matengenezo ya njia”, mtu anawaza nyundo na misuli. Ngoja nieleze jambo moja tu, joto, labda tutaelewana.

Reli ya zamani sehemu kubwa imeungwa vipande kwa bolti, na kwenye maungio huachwa nafasi ndogo ili chuma kipate pa kutanukia. Ule mlio unaousikia usiku kucha ukienda Kigoma ni magurudumu yanapita juu ya nafasi hizo. Reli ya kisasa haina nafasi hizo, huchomelewa ikawa chuma kimoja kirefu. Sasa chukua kilomita moja ya reli hiyo, jua la Oktoba liipashe nyuzi 30 zaidi ya joto lililokuwepo siku ilipolazwa na kufungwa kwenye njia. Ingekuwa huru, ingerefuka sentimita 34 hivi. Lakini haiko huru. Imebanwa kwenye mataruma ya zege, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, na mataruma yamezama kwenye kokoto. Urefu ule ukikosa pa kwenda unageuka msukumo: kwa reli ya kilo 60 kwa mita, ni zaidi ya tani 50 ndani ya kila reli, mchana kutwa, na kwa macho huoni kitu. Kokoto zikipungua pembeni mwa mataruma, au mtu akizichokonoa saa nane mchana kwa sababu ameambiwa afanye haraka, njia inajipinda kama nyoka. Na treni iliyoundwa kwenda kilomita 160 kwa saa haisimami ghafla.

Anayezuia hilo ni fundi anayepima joto la reli kabla hajagusa kitu, anayejua njia ilifungwa kwenye joto gani, na mwenye ujasiri wa kumwambia bosi wake “leo hapana, tusubiri jioni”. Hesabu yake ni kuzidisha namba tatu: urefu, tofauti ya joto, na kiasi chuma kinachotanuka kwa kila nyuzi. Hiyo ndiyo fizikia ya sekondari ambayo kijana wa Nguruka anaambiwa aachane nayo.

Umeme sitaueleza kirefu. Waya za juu zina volti 25,000, kazi hiyo haifundishwi kwa kumtazama mwenzako. Ishara za kuongoza treni na mawasiliano siku hizi ni kompyuta. Udereva, ambao kila mtoto anautaja, una nafasi chache kuliko watu wanavyodhani. Na wazazi wenye mabinti, nisikieni: hakuna hata moja kati ya hizi inayodai kifua cha mwanaume.

Halafu tazameni kalenda. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2023, mwezi mmoja baada ya mkataba kusainiwa, anamaliza kidato cha nne 2026. Ongeza miaka ya cheti na diploma. Anayetakiwa kuihudumia reli hii yuko darasani leo, pengine Uvinza au Kazuramimba, na pengine shuleni kwao mwalimu wa fizikia ni mmoja kwa shule nzima. Chuo cha reli kipo hapahapa Tabora, na bado nakutana na vijana wa mji huuhuu ambao hawajawahi kuuliza kinafundisha nini.

Lipo pia jambo ambalo kwenye hotuba huachwa. Reli ya kisasa inahitaji mikono michache kwa kila kilomita. Zamani genge, yaani kikundi cha wafanyakazi wa njia, liliishi kando ya njia, lina kipande chake, familia zake na mashamba yake ya mihogo. Leo mashine moja ya kushindilia kokoto inapita na kumaliza kwa saa chache kazi ya siku nyingi ya genge. Kwa hiyo simwahidi kila mhitimu nafasi relini, na anayeahidi hivyo anawadanganya watoto. Nahisi nafasi nyingi zitakuwa pembeni ya reli: bandarini Kigoma, kwenye maghala, kwenye uwakala wa mizigo ya Kongo na Burundi, kwenye karakana za magari na mitambo. Nasema nahisi, maana yote yanategemea mizigo ije kweli. Mafunzo nayo yananitia wasiwasi. Fundi wa ishara haivi kwa michoro ya ubaoni, lazima akifungue kifaa, akiharibu, akitengeneze.

Kwa ambao tayari mko saiti: kazi ya kibarua msiiache ipite bure. Kama umejifunza kuchomelea au kusuka nondo kwa formeni, nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, uulize utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa kazi yako, ukifaulu unapewa cheti. Mwombe mkandarasi barua inayosema ulifanya kazi gani na kuanzia lini hadi lini, na uiombe sasa, kabla kambi haijahama na aliyekufahamu hajarudi kwao.