Kufufua Mtaa Mji wa Kale: Kazi Huanzia Barazani

Mipango mingi ya kuuboresha mtaa hufa kwa sababu moja: wakazi huitwa michoro ikishakamilika. Hapo hawashauriwi, wanaarifiwa tu. Ngome ya Fort Jesus, Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, imo katika orodha ya Turathi za Dunia tangu 2011, na Mji wa Kale ulio ubavuni mwake ni eneo la hifadhi kisheria. Lakini sheria haizibui mtaro wa Kibokoni, mtaa mmojawapo wa humo. Huzibuliwa na watu wanaokaa hapo, wakikubaliana.

Kushirikishwa si hisani. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa.

Anzeni kwa kujua nani ni nani. Nyumba moja yaweza kuwa na warithi waliotawanyika, wapangaji juu na chini, mwenye duka la mbele, na ikiwa ni wakfu, kuna mutawali, yaani msimamizi wake. Mpangaji ndiye ajuaye paa linavuja wapi. Mwenye nyumba ndiye mwenye ruhusa ya kulitengeneza. Katika mtaa wa Majengo mambo ni magumu zaidi, kwani nyumba huwa ya mtu na kiwanja ni cha mwingine. Asipoitwa mwenye kiwanja tangu mwanzo, kazi husimamishwa matofali yakiwa yamekwisha kuteremshwa.

Kikao cha baada ya Isha huwaleta wanaume. Wanawake wengi hawatafika, nao ndio wajuao maji ya mfereji hukatika lini na kichochoro kipi hakipitiki usiku. Wawekewe kikao chao, asubuhi au alasiri, uani kwa mmoja wao, na maneno yao yaandikwe kwenye daftari lile lile.

Kisha tembeeni mtaa mzima, watu sita hadi kumi, mara mbili: siku ya jua, na siku ya mvua ya masika. Mvua itawaonyesha maji yanakosimama kuliko ramani yoyote.

Kazi ya kwanza iwe maji. Wengi hukimbilia rangi kwa kuwa huonekana haraka, na hilo ni kosa la gharama kubwa. Kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mtaro ukiziba, unyevu hupanda ukutani ukibeba chumvi. Fundi akiupiga ukuta huo plasta ya simiti, unyevu hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi, chumvi huganda ndani ya jiwe na kulisaga likawa unga, na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza. Plasta huvimba, ukiigonga yalia tupu, kisha hubanduka kwa vipande vizima.

Kwa hiyo zibueni mtaro, bandueni simiti bila kulivunja jiwe, mwache ukuta ukauke. Plasta mpya iwe sehemu moja ya chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji kwa sehemu tatu za mchanga. Mchanga wa ufuoni usitumike, una chumvi. Kila mkono wa plasta usizidi sentimita moja hivi, na ufunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa. Jua la Mombasa likiukausha upesi, utapasuka. Kabla ya kugusa uso wa nyumba, roshani au mlango wa nakshi, pitieni Makavazi ya Taifa ya Kenya na kaunti mpate idhini.

Fedha ndizo huvunja kamati ya mtaa. Watia saini wa akaunti wawe watatu, wasiwe wa ukoo mmoja, na hesabu ya kila mwezi ibandikwe pale wanapopita wote. Pesa za kuzibua mtaro kabla ya masika yajayo zitengwe siku ile ile anayolipwa fundi.