Mkataba wa Roma haukuifuta Katiba

Kijiweni kwetu Arusha, mzee mmoja huweka kikombe cha kahawa chini na kutangaza: "Tulishasaini Roma, Katiba haina kauli tena." Hapana, mzee wangu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), mwaka 2002, ila kwetu kuridhia pekee hakuufanyi mkataba kuwa sheria ya kutumika mahakamani. Lazima Bunge litunge sheria.

Mgongano upo, tusifichane: ibara ya 46 ya Katiba inakataza kumshtaki Rais kwa jinai akiwa madarakani, ilhali ibara ya 27 ya Mkataba haijali cheo.

Na ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa hapa Arusha kwenye jengo la mikutano la AICC na kumhukumu Jean Kambanda, waziri mkuu wa zamani wa Rwanda, mwaka 1998? Hiyo ni nyingine, iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Ile ya Mkataba wa Roma iko The Hague, Uholanzi.