Skeli si ukubwa

Pita Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, kwa vijana wanaochonga ndege za povu, lile jeupe linalokuja kwenye maboksi ya friji, utasikia: "Hii skeli yake mita moja." Hapana. Mita moja ni kipimo cha bawa, ncha hadi ncha. Skeli ni uwiano, yaani urefu wowote wa mfano ugawanywe kwa urefu uleule wa ndege yenyewe.

Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani. Kipimo ni kile unachokipata ukishapima. Kipimio ni kile unachopimia. Irabu moja tu imeongezeka, na ndiyo inayobeba "pimia". Skeli tumeitoa kwa Waingereza, nao kwenye Kilatini: scala, ngazi. Alama za rula zimepangana kama vidato. Skeli haina undugu na "scale" ya Kiingereza yenye maana ya mizani ya kupimia dagaa, ijapokuwa Waingereza huyatamka yote mawili sawasawa; lile la mizani asili yake ni bakuli.

Chukua Short 827, ndege ya maboya yenye mabawa ya ghorofa, ambayo Wabelgiji waliitumia kuipiga mabomu bandari ya Kigoma mwaka 1916. Bawa la juu lilikuwa mita 16.43, urefu mita 10.74. Kwa 1:16, yaani sentimita 1 ya mfano ni 16 za ndege yenyewe, unapata bawa la sentimita 103 na urefu wa 67. Kwa 1:72 bawa ni sentimita 23 tu, kwa hiyo anayeiita 1:72 "skeli kubwa" kwa sababu 72 ni nyingi amegeuza ngazi miguu juu.

Mchoro wa 1:72 ukitaka uwe 1:16, uukuze hadi asilimia 450 ya ulivyo. Mashine nyingi za fotokopi hukomea 400, basi toa kwa 200, kisha ile nakala itoe kwa 225. Kabla ya yote chora kando ya mchoro mstari wa milimita 20. Mwishoni usome 90. Ukisoma 87, mashine imebana mchoro uenee kwenye karatasi, na skeli si 1:16 tena.

Kinachosumbua zaidi ni unene. Ukipunguza mchoro nusu, eneo la bawa linabaki robo, na uzito ulipaswa kubaki sehemu moja ya nane. Lakini ukikata povu lilelile la milimita 5, uzito nao unabaki robo. Kandege kadogo kanalazimika kukimbia kasi ileile ya kakubwa, kanapita kama kamefukuzwa na nyuki. Tafuta povu la milimita 3 au chini. Betri na mota ndiyo kabisa, hazijui skeli.

Kwa hiyo ukiulizwa skeli, sema moja kwa kumi na sita. Akitaka kujua kama itapita mlangoni, hapo mtajie mita.