Vita viliisha 1986, mzee anaumwa nini leo? Dhana potofu kuhusu kiwewe cha askari wa zamani Uganda

Hapa Walukuba, Jinja, nina jirani ambaye mtaa mzima tunamwita Afande. Aliingia msituni Luwero na waasi wa NRA wa Yoweri Museveni akiwa kijana wa miaka 19. Akatoka jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipowapunguza wanajeshi zaidi ya 36,000, kisha akalinda maghala usiku kwa zaidi ya miaka 20. Mwili ulipochoka akaacha kazi. Haikupita miezi mitatu, mjukuu wake akaja kunigongea saa nane za usiku: babu yuko uvunguni mwa kitanda na anamwambia kila mtu alale chini.

Kulipokucha majirani walikuwa na majibu tayari. Mengi yalikuwa ya uongo, ingawa walioyasema walimpenda. Nayaandika kama yanavyosemwa, maana kila moja kati yake limemzuia mtu fulani kwenda hospitali.

"Vita viliisha zamani. Kama ni ugonjwa tungeujua tangu hapo."

Hili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu mzee mwenyewe huliamini. Anajiuliza: nilivuka Luwero, nikavuka kaskazini, nimelea watoto watano, iweje nishindwe leo na ndoto?

Kiwewe cha vita hakina tarehe ya mwisho. Anayekiugua hurudiwa na tukio lenyewe, katika ndoto au akiwa macho mchana, kana kwamba linatokea sasa hivi. Hukwepa watu, njia na mazungumzo yanayomkumbusha. Mwili wake hauteremki kutoka zamu: usingizi mwepesi, hasira ya ghafla, kushtuka mlango ukibamizwa. Na ndani yake kuna ubaridi, hisia kwamba hafai au kwamba angepaswa kufa na wenzake. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha, wataalamu huihesabu kuwa ugonjwa. Wanajua pia kwamba kwa baadhi ya watu dalili kamili hazionekani mpaka miezi sita au zaidi baada ya tukio, na wapo wanaofikiwa nazo baada ya miaka mingi.

Kwa nini zichelewe? Mtazame Afande. Kwa miaka 20 hakulala usiku hata siku moja. Alikuwa na tochi, rungu na filimbi, analipwa kwa kukaa macho na kusikiliza kila mchakacho. Kazi ile ilikaa juu ya ugonjwa kama kifuniko juu ya sufuria. Kuna wengine ambao kifuniko chao ni shamba, duka, kanisa, msikiti au pombe. Kisha mtu anastaafu, au mkewe anafariki, au maradhi mengine yanamlaza, na kwa mara ya kwanza anabaki peke yake na usiku. Aliyekuwa na miaka 20 kambi ya jeshi ya Kabamba iliposhambuliwa Februari 1981 na vita kuanza, sasa amevuka 60. Wale watoto walioitwa kadogo, waliobeba bunduki zenye urefu karibu sawa na wao, nao sasa ni watu wazima wenye wajukuu. Umri huo ndio kifuniko kinapoinuka.

Tukumbuke pia kwamba jina la kitaalamu la ugonjwa huu, PTSD, liliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya miaka ya kuwahudumia askari waliotoka Vietnam. Vijana wetu waliingia msituni mwaka uliofuata. Walipoiteka Kampala Januari 1986 walipokelewa kwa vigelegele, na kabla mwaka haujaisha wengi wao walikuwa kwenye vita vingine kaskazini. Muda wa kumuuliza mtu analalaje ungetoka wapi?

"Mradi hakuna milio ya risasi, hatasumbuka."

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Kinachomrudisha mtu vitani kinaweza kuwa harufu ya mpira unaoungua, matope mekundu ya msimu wa mvua, au ukimya wa ghafla wa vyura. Kwa Uganda kuna kingine ambacho wasomaji wa Kiswahili nje ya nchi huenda hawakijui: lugha yenyewe.

Tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi hapa. Raia wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Miaka ya mwanzo ya 1980 askari walikuwa wakiizingira mitaa ya Kampala na kuwapakia watu kwenye malori, na jina la operesheni hizo lilibaki kuwa maneno mawili tu: panda gari. Nimemwona mama mmoja wa makamo akitetemeka stendi kwa sababu kondakta kutoka Mombasa alisema maneno hayo hayo kwa upole kabisa, akiwakaribisha abiria.

Kwa Afande mambo ni kinyume. Ukimuuliza hali kwa Kisoga au Kiganda, hajambo, mambo ni mazuri. Hizo ni lugha za nyumbani, na nyumbani mzee hamwagi uchafu. Kiswahili ndicho alichotumia kupewa amri, kutania na kuwaaga wenzake waliokuwa wakifa. Hayo tuliyagundua kwa bahati, na nitayarudia.

"Askari wa kweli hasumbuliwi na mawazo."

Wengi waliopita vitani hawapati ugonjwa huu, hilo ni kweli. Lakini anayeupata hakuwa mwoga kuliko mwenzake. Uzito hutegemea aliona nini, mara ngapi, akiwa na umri gani, na alipokelewa vipi aliporudi. Wanawake waliokuwa jeshini wanaupata, na kwao aibu huwa mara mbili, maana jamii haikuwahi hata kuwahesabu kama maveterani.

"Amefuatwa na mizimu ya aliowaua. Hospitali haina dawa ya hilo."

Hapa sitaki kumdhihaki mtu. Waacholi wana neno *cen*, roho ya kisasi ya aliyekufa vibaya, inayomwandama aliyeua au hata aliyepita karibu na maiti. Wana pia desturi ya kukanyaga yai kumkaribisha nyumbani aliyetoka porini. Nimezungumza na watu waliokanyaga yai hilo, na wanachokieleza ni uzito kuondoka mabegani kwa sababu ukoo ulisimama pale na kusema: wewe ni wetu. Hakuna kidonge kinachofanya kazi hiyo.

Kosa ni kudhani lazima uchague. Mtu anaweza kutakaswa na wazee wake Jumamosi na kumwona mganga wa hospitali Jumatatu. Ikiwa baada ya tambiko, kafara au maombi bado halali, bado anaona maiti mchana, ujue kuna sehemu haijaguswa. Na yeyote anayependekeza afungwe minyororo, anyimwe chakula au achapwe ili pepo litoke, mwondoe mgonjwa wako hapo siku hiyo hiyo, hata kama mtu huyo amevaa kanzu au kola.

"Ukimfanya aongee unafukua makaburi."

Kumhoji mtu sebuleni, mbele ya wageni, kwa ajili ya kutaka habari, kweli kunaumiza. Tiba ni kitu kingine kabisa. Tiba zenye ushahidi mzuri zaidi duniani kwa ugonjwa huu ni za mazungumzo yanayoikabili kumbukumbu yenyewe kwa mpangilio, na mojawapo ilipimwa hapa hapa kwetu. Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini magharibi mwa nchi, watafiti waliwatibu wakimbizi wa Sudan kwa njia ya kusimulia maisha yote tangu kuzaliwa, na matokeo mazuri yalichapishwa mwaka 2004. Baadaye katika makazi ya Nakivale, kusini magharibi, tiba ilitolewa na wakimbizi wenzao waliofunzwa, na kaskazini mwa Uganda wenyeji waliofunzwa waliwatibu majumbani vijana waliotekwa utotoni na kufanywa askari. Wote hao hawakuwa madaktari.

Kifaa kikubwa ni kamba. Inalazwa sakafuni, mwanzo wake ni siku uliyozaliwa. Unaweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila jambo baya, kisha katika vikao vinavyofuata mnarudi kwenye kila jiwe polepole: ulisimama wapi, ulisikia nini, mwili ulifanya nini, na baada ya hapo ikawaje. Swali hilo la mwisho ndilo lenye tiba. Kumbukumbu ya kiwewe ni vipande vinavyoelea bila tarehe, ndiyo maana vinarudi kama jambo la leo. Ikishapata nafasi yake kwenye kamba, inaanza kuwa jambo lililopita.

Sisi tulichelewa kufika huko. Kituo cha kwanza tulichompeleka Afande, ambacho sikitaji, walimpima presha wakampa vidonge vyake na panadol, na hakuna aliyemuuliza aliwahi kufanya kazi gani. Mahali pa pili kulikuwa na muuguzi wa afya ya akili, mwenyeji wa Arua, ambaye hakujua Kisoga. Akamuuliza kwa Kiswahili: "Mzee, usiku unalala?" Afande akanyamaza kitambo, akainua kichwa na kujibu, "Sista, tangu themanini na tatu sijalala." Miaka yote hiyo ya ujirani, sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Kwa hiyo ukimpeleka mzee wako, uliza lugha. Mwache achague mwenyewe ile anayoweza kuisemea.

"Ni Butabika tu, na ukiingia Butabika hutoki."

Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955 na bado ndiyo hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, lakini haiko peke yake. Hospitali za rufaa za mikoa kama Jinja, Mbale, Gulu, Lira, Arua na Mbarara zina vitengo vya afya ya akili, na jeshi lina hospitali yake Bombo. Wengi wenye kiwewe hutibiwa wakitokea nyumbani. Katika vituo vya serikali ada ya kumwona mganga ilifutwa mwaka 2001, ingawa sitakudanganya: dawa huisha stoo, na nauli inabaki kuwa mzigo wako.

Kuhusu dawa, zipo zinazosaidia, hasa za jamii ya sertraline na fluoxetine. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na wengi huziacha wiki ya pili wakidhani zimeshindwa. Valium inayouzwa duka la dawa ili mzee apate usingizi haitibu kiwewe, na mwili huizoea haraka. Akiichanganya na pombe kali ya waragi inaweza kumzima pumzi.

"Ni mtu hatari, siku moja atatuua."

Wengi wao hawamdhuru mtu. Hasira ipo, na wake na watoto wameibeba kimya kimya, jambo ambalo halipaswi kufichwa wala kuvumiliwa. Lakini anayekuwa hatarini zaidi mara nyingi ni yeye mwenyewe. Akianza kugawa vitu vyake, kuaga, au kusema nyumba itapumua asipokuwepo, usimwache peke yake, ondoa sumu ya shamba na kamba nyumbani, mfikishe hospitali siku hiyo.

"Huduma ni za walioshinda."

Aliyekuwa jeshi la Amin, aliyekuwa UNLA, jeshi la serikali iliyoangushwa, aliyetekwa na LRA, waasi wa Joseph Kony, akarudi kwa msamaha wa sheria ya mwaka 2000: kitengo cha afya ya akili hakimuulizi namba ya jeshi. Malipo ya uzeeni ni faili jingine, ofisi nyingine.

Limebaki la usiku, ambalo familia huuliza zaidi. Mtu akipiga kelele ndotoni, usimguse wala usimwinamie. Kwa sekunde chache za mwanzo hajui wewe ni nani. Mjukuu wa Afande amefundishwa. Husimama mlangoni, anawasha taa, kisha anasema kwa sauti ya kawaida: "Babu, ni mimi. Uko Walukuba. Mlango nimeufunga." Wakati mwingine hulazimika kurudia mara tatu au nne kabla hajajibu.