Likizo ya kuzamia Msimbati: anza na mwezi, afu angalia tiketi ya kurudi

Watu wakinitafuta kuhusu kuja kuzamia huku Mtwara, swali la kwanza bei ya boti, la pili je nitamuona kasa. Sawa, ila mimi kabla sijataja hata shilingi nauliza unakuja tarehe ngapi na unaondokaje, kwa ndege au kwa basi, na najua wengine hapo wananiona msumbufu.

Tuanze na tarehe. Ghuba ya Mnazi, ndo bahari yetu ya Msimbati, na vile visiwa vyake vimya vya Namponda na Membelwa, iko maeneo yale ambayo mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki unakuja kugonga Afrika, ukishagonga unagawanyika, mmoja unapanda kuelekea Kilwa na Dar na mwingine unashuka Msumbiji. Mkondo unabeba chakula na mabuu ya matumbawe na samaki, ndo maana huku aina za matumbawe ni nyingi kiasi kwamba mwaka 2000 eneo likafanywa hifadhi ya bahari, kilomita za mraba 650 mpaka kwenye maingilio ya Ruvuma. Baruti za kuvulia samaki zilishaharibu sehemu, utakutana na vifusi vya tumbawe njiani, siwezi kukuficha.

Sasa ongeza bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo yanaingia na kutoka ghubani kupitia milango iliyopo kati ya visiwa na miamba, yaani we mgeni na mapezi yako ya kukodi ukiwekwa mlangoni wakati maji yanatoka utapiga miguu mpaka uchoke na tumbawe linazidi kukuacha kama umepakiwa bodaboda. Hapo bado tope la mikoko halijakuziba macho. Njoo maji mafu, yaani maji yasipopanda wala kushuka sana, mwezi ukiwa siku ya 8 hadi 10 au ya 22 hadi 24, nazungumzia mwezi wa kuandama sio wa kalenda ya ofisini. Mvuvi yeyote wa Msimbati atakwambia hivyohivyo na wala hana kompyuta mkononi.

Msimu nao, mimi napenda Oktoba na Novemba. Kusi imeshalegea, kaskazi haijakaza, mvua zetu ambazo huku ni msimu mmoja tu hazijaanza kuijaza Ruvuma tope, na nyangumi waliopanda kutoka kusini bado hawajaisha wote. Juni hadi Agosti inawezekana ila utatapika kwenye boti.

Chini kukoje? Ufukwe wa Ruvula, hapahapa Msimbati, huhitaji kwenda mbali, unaogelea kidogo kutoka ufukweni tumbawe linaanza kushuka. Ukitulia mita kumi hivi, ukaacha kuhema kama umekimbizwa, utasikia krr krr, ni samaki pono huyo anakwangua tumbawe na yale meno yake, afu anageuka anakunya mchanga mweupe mbele yako bila aibu. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, yeye yuko shimoni kwake kafungua mdomo, hajakasirika, anapumua tu, usimpelekee kidole.

Twende kwenye tiketi, hapa ndo nikae kidogo. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza presha bar moja (bar ni kipimo cha presha), na juu ya maji tayari una bar moja ya hewa, kwahiyo mita 20 uko kwenye bar 3 na kila pumzi unayovuta ina hewa mara tatu ya ile ya juu. Ndo maana mtungi wa bar 200 unaisha mapema ukamlaumu aliyejaza. Kwenye hiyo hewa karibu asilimia 78 ni naitrojeni, mwili hauitumii, unaihifadhi tu kwenye damu na mafuta. Ukipanda taratibu na kusimama dakika 3 kwenye mita 5 nyingi inatoka kwa mapafu, lakini inayobaki inataka masaa. Presha ikishuka ghafla kabla haijaisha inageuka vipovu, unaanza kusikia bega linauma, vidole ganzi, uchovu usioeleweka. Dawa ni oksijeni safi na chemba ya presha, na chemba hapa Mtwara hakuna.

Ndani ya ndege presha ni ya mtu aliye kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwahiyo ukizamia mara moja tu, angalau masaa 12 kabla ya kuruka, ukizamia siku kadhaa masaa 18, mimi wageni wangu nawaambia 24 tusibishane.

Hilo wengi wanalijua. Wanalosahau ni Newala! Mtu anazamia asubuhi, mchana shemeji anamwambia twende tukaone Shimo la Mungu, wanapanda gari wanakwea uwanda wa Makonde, na kule ni zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Mwili haujali umepanda kwa ndege au kwa Noah. Newala nenda kwanza, ukae, ushangae, ndo ushuke uje baharini. Siku ya mwisho iache kavu, zunguka Mikindani uone Boma la Wajerumani la 1895, kula ming'oko na pweza jioni. Wa basi wana nafuu, barabara ya Dar inafuata pwani haina milima ya maana, japo usiku mmoja wa kupumzika hauui mtu.

Na we mwenye siku mbili tu na ndege ya asubuhi, mtungi achana nao. Kodi miwani na mrija, elea juujuu hapo Ruvula maji yakiwa yamejaa, ukitoka jifute panda ndege yako.