Klorini kiasi gani kwenye tangi? Pima maji yenyewe kwanza

Wahudumu wa miradi midogo ya maji huuliza swali hili kila mara: tangi la lita 10,000 litiwe dawa kiasi gani? Wengi hutaka namba moja ya kubandika ukutani karibu na ndoo ya HTH, yaani unga wa klorini. Namba hiyo haipo. Maji ya kisima kirefu hayahitaji klorini sawa na ya mto uliofurika, na hata kisima kilekile hubadilika kiangazi kikipisha mvua.

Klorini ikiingia kwenye maji haiendi moja kwa moja kwa vijidudu. Inakutana na chuma, manganizi, amonia, mabaki ya majani na udongo, na vyote hivyo vinaila. Miligramu moja ya chuma kilichoyeyuka humaliza takriban miligramu 0.6 za klorini. Manganizi humaliza karibu 1.3. Inayosalia baada ya hapo tunaiita klorini huru, na ndiyo inayoyalinda maji njiani hadi kwenye ndoo ya mtumiaji. Shirika la Afya Duniani linashauri ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa chini ya 8, na isishuke chini ya 0.2 pale watu wanapochotea. Basi lengo letu ni hiyo inayobaki. Ya kutia tunaipata kwa kuhesabu kurudi nyuma.

Njia ya kuipata ni ndoo nne, sirinji na kipimo cha klorini.

Anza kwa kutengeneza mchanganyiko wa asilimia 1. Unga wa HTH huwa na klorini asilimia 65 hadi 70, kwa hiyo gramu 15 kwenye lita moja ya maji safi zinatosha. Tia unga kwenye maji, kamwe usimwagie unga maji. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi penye hewa, na asidi, mafuta au dawa nyingine yoyote visikaribie. Koroga, acha chokaa itulie chini, kisha mimina maji maangavu ya juu kwenye chupa ya plastiki isiyopitisha mwanga. Chokaa hiyo ndiyo inayoziba mirija na vali za vifaa vya kudondoshea dawa. Pampu nyingi hufunguliwa na kulaumiwa bure kwa sababu yake. Mchanganyiko hupoteza nguvu kwa jua na joto, kwa hiyo tengeneza mpya siku ya kupima. Tumia unga kutoka ndoo ileile utakayotumia kwenye tangi, maana unga ulioachwa wazi hauna tena nguvu iliyoandikwa kwenye lebo.

Chukua ndoo nne za plastiki. Za chuma zisitumike, zinakula klorini na kuharibu jibu. Jaza kila moja lita 20 kamili za maji ambayo hayajatiwa dawa. Ya kwanza tia mililita 1 ya mchanganyiko, ya pili 1.5, ya tatu 2, ya nne 2.5. Hapo umetia miligramu 0.5, 0.75, 1 na 1.25 za klorini kwa lita. Koroga, funika, weka kivulini, na usubiri dakika 30 kwa saa, si kwa kukisia. Kisha pima klorini huru katika kila ndoo.

Tuseme umepata 0, 0.1, 0.3 na 0.5. Maji haya yanakula karibu 0.75 kabla ya kukuachia chochote cha maana. Unachagua ndoo ya nne. Mililita 2.5 kwa lita 20, na tangi la lita 10,000 ni mara 500 ya ndoo hiyo: lita 1.25 za mchanganyiko wa asilimia 1. Hesabu maji yaliyomo kwenye tangi wakati huo. Tangi lililojaa nusu likitiwa dawa ya tangi zima huleta malalamiko ya harufu, na watu hurudi kuchota kwenye madimbwi. Ndoo zote zikisoma sifuri, rudia kwa viwango vya juu zaidi, lakini jiulize pia kinachokula klorini yote hiyo ni nini.

Amonia huchanganya wengi. Klorini ikiungana nayo hutengeneza klorini fungwa, ambayo ni dhaifu sana kuua vijidudu. Ukizidi kuongeza dawa, usomaji wa klorini yote (huru na fungwa pamoja) unapanda, unashuka, halafu unapanda tena. Ukiona unashuka, usipunguze dozi: hujafika bado mahali ambapo klorini huru huanza kubaki.

Ndiyo maana aina ya kipimo ina uzito. Kidonge cha DPD namba 1, dawa ya kupimia inayobadili rangi ya maji, husoma klorini huru kwa rangi ya waridi. Ukiongeza cha namba 3 kwenye maji yaleyale unasoma klorini yote, na tofauti yao ndiyo klorini fungwa. Vipimo vya rangi ya njano vya mabwawa ya kuogelea husoma klorini yote kwa pamoja, kwa hiyo vinaweza kukuambia uko salama wakati huna klorini huru hata kidogo. Sivipendekezi kwa maji ya kunywa.

Hata DPD ina mitego yake. Kidonge kisishikwe kwa vidole. Usomaji wa klorini huru ufanywe ndani ya dakika moja, kwa sababu rangi huendelea kukolea kwa klorini fungwa. Chombo kilichotumika kwa namba 3 kisiposuuzwa vizuri, masalia yake yatakudanganya kwenye kipimo kinachofuata. Na mtego mbaya kuliko yote: klorini ikiwa nyingi mno huichujusha ile rangi, maji yakabaki meupe kana kwamba hamna dawa. Mhudumu anaongeza tena. Ukiona waridi inawaka kisha inapotea, au maji meupe yenye harufu kali, chukua mililita 1 ya sampuli, ongeza maji yasiyo na klorini hadi 10, pima, kisha zidisha kwa 10.

pH nayo ipimwe. Ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini huru iko katika umbo lake kali, ikifika 8.5 inabaki takriban sehemu moja ya kumi. Maji ya namna hiyo yape muda mrefu zaidi ndani ya tangi kabla ya kufungulia bomba.

Kuhusu tope, sina mjadala: maji machafu yasafishwe kwanza, ndipo yatiwe klorini. Chembe za udongo huwaficha bakteria. Lenga chini ya NTU 1 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji); kwa mradi mdogo, isizidi 5. Shabu husaidia, nayo hupimwa vilevile kwa vyombo kadhaa vya lita moja. Yeyusha gramu 10 kwenye lita ya maji. Kila mililita 1 ya hiyo kwenye lita moja ni miligramu 10. Jaribu kuanzia miligramu 10 hadi 50 kwa lita, koroga haraka dakika moja, polepole dakika 15 hadi 20, acha itulie nusu saa. Shabu hushusha pH, na pH ikishuka mno mabonge hayashikani. Kuchuja ni lazima pia kwa sababu ya Cryptosporidium, kimelea cha kuharisha, ambayo klorini ya dozi za kawaida haiiui.

Sampuli ya bakteria ichukuliwe kwenye chupa tasa yenye sodiamu thayosalfeti. Bila hiyo, klorini inaendelea kuua ndani ya chupa hadi maabara, na unapata matokeo mazuri yasiyo ya kweli. Iweke kwenye ubaridi, ipimwe ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24. E. coli, bakteria wa kinyesi, haitakiwi hata moja katika mililita 100. Floridi, naitreti na aseniki ni kazi ya maabara tofauti. Klorini haiziondoi, na kuchemsha huzidisha mkusanyiko wake.

Mwisho pima bomba la mbali zaidi, hasa asubuhi maji yakiwa yamelala kwenye mabomba. Ikiwa tangi linasoma 0.5 na mwisho wa laini unasoma 0.05, usikimbilie kuongeza dawa tangini. Kagua sakafu ya tangi kama ina tope, tafuta mivujo, fungua ncha ya laini umwage hadi maji yatoke safi, upime tena. Ikibaki chini ya 0.2 baada ya hapo, laini ni ndefu mno kwa dozi moja: weka sehemu ya pili ya kutilia dawa katikati, na urudie ndoo nne kwa maji ya hapo hapo.